Moshi wa Eksozi: Mwongozo Kamili wa Kutambua Tatizo la Injini Kabla ya Kuifungua

Injini nzima, ikishapata joto lake la kazi, haitoi moshi unaoonekana kwa macho. Kinachotoka kwenye eksozi yake ni naitrojeni, hewa ukaa, mvuke wa maji na kiasi kidogo cha gesi nyingine, na vyote hivyo havina rangi. Kwa hiyo moshi wowote unaoendelea kuonekana baada ya injini kupata joto ni taarifa kwamba kuna kitu kinaingia katika chumba cha mwako bila kustahili kuwemo, au kwamba mafuta yanayoingia humo hayaungui yote. Vitu vyenyewe si vingi: ni maji ya rejeta, ni oili, au ni mafuta yenyewe, yawe petroli au dizeli.

Orodha hiyo karibu kila dereva anaifahamu, kwamba moshi mweupe ni maji, wa bluu ni oili na mweusi ni mafuta, ila wengi huishia hapo. Gari hufikishwa gereji likitoa moshi wa bluu, fundi hulitazama kwa dakika moja na kutamka kwamba ringi za pistoni zimekwisha, na mwenye gari huanza kutafuta fedha za ovahoo, yaani kuifungua na kuikarabati injini yote, ilhali moshi wa rangi ileile unaweza kuletwa na sili za valvu, ambazo katika injini nyingi hubadilishwa bila kushusha injini, au na valvu ndogo ya kupumulia ambayo kwa magari mengi bei yake haifiki ya galoni moja ya oili. Rangi hukuambia kinachoungua. Njia kilikopitia huitambua kwa kuangalia moshi unatokea wakati gani, injini ikiwa katika hali gani, na unanuka nini. Ndiyo maana hatua zinazofuata zinaanzia kwenye vipimo visivyogharimu kitu, na vifaa vya fundi vinakuja baadaye.

Kabla ya kuwasha

Gari la kupimwa moshi liwe limelala usiku kucha bila kuwashwa, kwa sababu dalili kadhaa muhimu huonekana katika sekunde chache za kwanza tu na hazirudi mpaka injini ipoe kabisa. Lisimamishe mahali tambarare na pa wazi. Usifanye kazi hii ndani ya banda au gereji iliyofungwa, hata kwa dakika chache, kwa kuwa eksozi hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo humlegeza mtu na kumuua kabla hajatambua kinachomsibu.

Fungua boneti, uchomoe kijiti cha kupimia oili, ukifute kwa kitambaa safi, ukirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe tena. Angalia kwanza kiwango. Oili ikiwa imepita alama ya juu, huenda umekwisha kupata jibu: oili iliyozidi hupigwa na shafti ya krenki hadi ikatoa povu, na povu hilo husukumwa kupitia njia ya kupumulia hadi kwenye manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa kwenye injini, na kuungua. Kosa hili hutokea mara nyingi baada ya sevisi, pale fundi anapomimina galoni yote bila kuangalia kwamba injini yenyewe inahitaji lita tatu na nusu tu. Punguza oili hadi ifike mahali pake, endesha kwa siku chache, ndipo upime upya.

Kisha inuse oili hiyo. Ikiwa inanuka petroli au dizeli, na kiwango chake kinapanda badala ya kushuka, mafuta yanavuja kuingia kwenye oili, na injini haifai kuendeshwa kabla hitilafu haijarekebishwa, kwa sababu oili iliyochanganyika na mafuta huwa nyepesi na haizilindi tena beringi. Ikiwa rangi yake ni kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hapa kuna tahadhari moja: utando mwembamba wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi wa kutosha. Gari linalotumika kwa safari fupi sana katika sehemu za baridi hukusanya unyevu hapo juu bila injini kuwa na kasoro yoyote. Utando ukionekana pia kwenye kijiti, yaani chini kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, hapo ndipo jambo huwa zito.

Malizia na rejeta. Kifuniko chake kifunguliwe injini ikiwa baridi tu, maana maji ya rejeta yenye joto yako chini ya mgandamizo na kifuniko kikiachia huruka na kumchoma mtu usoni. Tazama kama maji yamepungua na kama juu yake kuna mafuta yanayoelea, kisha uandike ulichokiona ili baada ya wiki uwe na cha kulinganisha.

Kuwasha na kutazama

Mtafute mtu wa kukuwashia, nawe usimame pembeni mwa eksozi, si nyuma yake moja kwa moja. Tazama sekunde kumi za kwanza kwa makini, kisha iache injini iungurume bila kukanyagwa mafuta mpaka mshale wa joto utulie mahali pake pa kawaida na feni ya rejeta iwake na kuzima angalau mara moja. Moshi ukitoweka katika kipindi hicho, andika ulitoweka baada ya muda gani.

Injini ikishapata joto, mwambie msaidizi akanyage mafuta taratibu hadi mizunguko 2,500 hivi kwa dakika, aishikilie hapo kidogo, kisha aachie ghafla. Baada ya hapo injini iachwe iungurume kwa dakika tano nzima bila kuguswa, ndipo akanyage tena kwa nguvu mara moja. Dakika hizo tano zina kazi yake, na wengi hukosa subira ya kuzisubiri. Zikiishia na wingu la bluu ambalo halikuwepo mwanzoni, umepata dalili ambayo kuzungusha injini mfululizo kusingekuonyesha.

Katika hatua hii tumia pia karatasi nyeupe. Ishikilie kwa koleo umbali wa shibiri moja kutoka mdomo wa eksozi huku injini ikizungushwa kwa nusu dakika, kisha iache karatasi ikauke. Matone ya maji hukauka na kuacha alama hafifu au yasiache kabisa. Oili huacha madoa yenye mng'ao ambayo hayakauki na ambayo karatasi ikielekezwa kwenye mwanga hupenyeza nuru. Mafuta yasiyoungua vizuri huacha masizi makavu yanayofutika kwa kidole.

Hatua ya mwisho ni barabarani. Panda mlima ukiwa umekanyaga mafuta, kisha teremka ukiwa umeachia mafuta kabisa na gia ikiwa imeingia, na ukifika chini kanyaga tena huku msaidizi akitazama nyuma. Anayeishi Iringa ana mlima wa Kitonga. Anayeishi Dar es Salaam atatosheka na daraja lolote refu.

Moshi mweupe

Huu ndio unaotisha watu bure kuliko mingine yote, na pia ndio unaopuuzwa vibaya kuliko mingine yote. Petroli ikiungua hutengeneza maji: lita moja ya petroli huzalisha takriban lita moja ya maji, ambayo hutoka yakiwa mvuke. Eksozi ikiwa baridi, mvuke huo huganda kuwa matone, na ndiyo maana gari jipya kabisa huweza kudondosha maji asubuhi na kutoa ukungu mweupe. Huko Njombe, Makete au Limuru, asubuhi ya mwezi Julai, ukungu huo unaweza kudumu dakika kumi na usiwe na maana yoyote. Ukungu uleule ukiuona Tanga saa saba mchana, gari likiwa limekwisha kutembea nusu saa, hali ni tofauti kabisa, kwa kuwa hewa yenye joto humeza mvuke wa kawaida usionekane.

Mvuke wa kawaida ni mwepesi, hupotea hatua chache tu nyuma ya gari na hauna harufu. Moshi wa maji ya rejeta ni mzito, huning'inia hewani baada ya gari kupita, na ikiwa rejeta ina kulanti halisi, si maji ya bomba, huwa na harufu ya utamutamu. Mahali maji yanapopenyea ni mojawapo ya matatu: gasketi ya silinda hedi iliyoungua, silinda hedi yenyewe iliyopinda au kupasuka, au, mara chache zaidi, bloku iliyopasuka. Yote matatu kwa kawaida hutanguliwa na kisa kimoja: gari liliwahi kuchemsha, na dereva akaendelea kulisukuma ili afike.

Thibitisha kabla ya kukubali chochote kifunguliwe. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi juu, washa na utazame. Mapovu machache ya mwanzoni ni hewa iliyokuwa imenaswa. Mapovu yanayoendelea kutoka mfululizo, hasa yanayoongezeka injini ikizungushwa, ni gesi ya mwako inayopenya kuingia kwenye njia za maji. Maji yakianza kupanda na kumwagika, zima. Dalili nyingine ni mpira wa juu wa rejeta: ukiushika dakika mbili baada ya kuwasha, injini ikiwa bado ni ya uvuguvugu, ukakuta umekuwa mgumu kama jiwe, mgandamizo huo haukuletwa na joto. Gereji zilizo na vifaa huweza kutumia dawa ya kupimia ambayo rangi yake ni bluu na ambayo hugeuka njano hewa iliyo juu ya maji ya rejeta ikiwa na hewa ukaa ya mwako. Kipimo hicho huchukua dakika chache na ni cha kuaminika.

Iwapo gari hilo linatetemeka kila asubuhi kwa nusu dakika likiwa kama limekosa silinda moja, kisha linatulia, ichukulie dalili hiyo kwa uzito wote. Maji yanadondokea ndani ya silinda usiku. Yakijaa kiasi cha kutosha, siku moja pistoni itapanda na kukutana na maji, na kwa kuwa maji hayagandamizwi, konekting rodi itapinda. Kazi iliyokuwa ya gasketi huwa ya injini nzima.

Kama kuna haja ya kulipia kusawazisha silinda hedi kwenye mashine ni swali linalozuka katika kila gereji. Jibu langu ni kwamba gasketi mpya isifungwe kamwe kabla hedi haijapimwa kwa rula ya chuma na filagaji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, kwani katika injini nyingi ndogo mpindo unaoruhusiwa ni 0.05 mm tu, unene ambao jicho haliuoni. Gasketi inayoungua tena baada ya miezi mitatu mara nyingi si mbovu. Ilifungwa juu ya hedi iliyopinda.

Kuna chanzo kingine cha moshi mweupe ambacho hufanya watu wafungue hedi bila sababu. Katika magari ambayo sevo ya breki, kifaa kinachopunguza nguvu ya kukanyaga breki, huvutwa na hewa ya manifoldi, sili ya masta silinda ikiharibika, maji ya breki hunyonywa na sevo hadi kwenye injini na kutoa moshi mweupe mzito. Kopo la maji ya breki likipungua bila kuonekana panapovuja, anzia huko.

Moshi wa bluu

Oili inaweza kuingia katika chumba cha mwako kutoka chini, kwa kupita ringi. Kutoka juu, kwa kupita sili na gaidi za valvu, yaani mirija ambamo mashina ya valvu hupita. Au kwa njia ya hewa, kupitia valvu ya kupumulia au tabo, yaani feni inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu ya moshi wa eksozi. Kila njia ina saa yake.

Wingu la bluu linalotoka mara tu injini baridi inapowashwa, likadumu sekunde chache na kutoweka, ni la sili za valvu. Sili hizi ni vipira vidogo vinavyovaa shina la kila valvu. Vikishakauka na kuwa vigumu kwa sababu ya joto na umri, oili iliyobaki juu ya hedi huteremka usiku taratibu kufuata mashina na kukaa juu ya pistoni, na asubuhi huungua yote kwa pamoja. Sili hizohizo ndizo zinazosababisha wingu baada ya zile dakika tano za kuunguruma, na vilevile baada ya kuteremka mlima ukiwa umeachia mafuta: klapeti ya hewa ikiwa imefungwa, manifoldi huvuta kwa nguvu, oili hunyonywa kupitia gaidi, na unapokanyaga tena huonekana nyuma. Fundi mzoefu huweza kuzibadilisha bila kutoa hedi, kwa kusukuma hewa ya kompresa katika tundu la plagi ili valvu zisidondoke.

Moshi unaoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, na unaonekana zaidi kupanda mlima kuliko kushuka, unaelekeza kwenye ringi na kuta za silinda. Chomoa kijiti cha oili injini ikiwa inaunguruma, au fungua kifuniko cha oili: ukiona moshi ukipuliza kwa midundo kutoka humo, gesi ya mwako inapita ringi na kushuka kwenye sampu. Hata hivyo si kila ringi inayopitisha oili imekwisha. Ringi ya chini, ambayo kazi yake ni kukwangua oili, hukwama ndani ya mfereji wake ikiwa oili haibadilishwi kwa wakati, na vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni huzibwa na kaboni. Injini ya Toyota ya 1ZZ-FE ya matoleo ya mwanzo inajulikana kwa tatizo hilo, kwa sababu vitundu vyake vilikuwa vidogo. Katika hali hiyo mgandamizo wa silinda huweza kupimwa ukawa mzuri huku gari likila oili kama kawaida, na mwenye gari akachanganyikiwa.

Kabla ya kuzungumzia ringi, hakikisha valvu ya kupumulia ya injini imekaguliwa. Huwa juu ya kifuniko cha valvu au kwenye mpira unaokwenda manifoldini. Ichomoe uitikise: nyingi zikiwa nzima hulia kachakacha. Ikiwa imeziba, gesi za chini hukosa pa kutokea na husukuma oili kila penye mwanya, hata kwenye sili za shafti ya krenki, ndiyo maana injini yenye valvu iliyoziba huvuja nje na kuungua oili ndani kwa wakati mmoja. Ikiwa imekwama wazi, hunyonya oili moja kwa moja.

Kwa magari yenye tabo, legeza mpira unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini. Utando mwembamba wa oili ndani yake ni wa kawaida. Oili iliyotuama si ya kawaida. Shika shafti ya tabo kwa vidole ukiichezesha juu na chini: ikigusa ukuta wa nyumba yake, tabo imekwisha. Na hapa dereva wa dizeli anahitaji onyo la peke yake. Tabo inayovujisha oili nyingi inaweza kuilisha injini ya dizeli oili hiyo kama mafuta, injini ikapaa mizunguko yenyewe, moshi ukajaa barabara, na kuzima ufunguo kusisaidie chochote. Gari la gia za kawaida lizimwe kwa kuingiza gia ya juu, kukanyaga breki kwa nguvu zote na kuachia klachi. Vinginevyo hewa izibwe kwa ubao au kitu kingine kigumu kwenye mdomo wa filta, kamwe si kwa kiganja, na kama injini imekwisha kupaa sana watu wakae mbali nayo.

Pima pia kiasi cha oili kinachopotea, kwa maana "gari linakula oili" si kipimo. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita zilizopo kwenye dashibodi, na uendeshe kilomita 1,000 bila kuongeza. Watengenezaji wengi huchukulia lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa ndiyo mwisho wa kinachovumilika. Kwa maoni yangu kiwango hicho kimewekwa kwa kuwahurumia watengenezaji zaidi kuliko wenye magari, lakini injini inayotumia robo lita kwa umbali huo inaweza kuishi miaka mingi kwa kuongezewa tu, na haistahili kufunguliwa kwa sababu ya wingu dogo la asubuhi.

Moshi mweusi

Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa uwiano wa uzito wa takriban 14.7 kwa 1. Moshi mweusi unamaanisha kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa iliyopo, na mara nyingi ndiyo hitilafu iliyo rahisi kutibu. Anzia kwenye filta ya hewa, ambayo katika barabara za vumbi huweza kuziba mapema sana kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Kama si hiyo, fuata sensa ya hewa, sensa ya oksijeni, sensa ya joto la maji, na injekta zinazovuja. Mashine ya kompyuta husaidia hapa kuliko katika rangi nyingine, kwa sababu hitilafu nyingi za moshi mweusi kwenye petroli huacha alama kwenye taa ya cheki injini.

Kisababishi kimoja tunakitengeneza wenyewe. Gari likichemsha, mafundi wengi huondoa themostati na kuitupa kwa madai kwamba nchi zetu ni za joto na haihitajiki. Matokeo yake ni kwamba maji huzunguka muda wote, injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inaamini kwamba injini bado ni baridi na inaendelea kuongeza petroli. Gari hunuka petroli, hula mafuta, plagi hujaa masizi, na oili hupata uchafu kabla ya wakati. Kama mshale wa joto hushuka kila unaposhika barabara kuu, uliza kama themostati ipo.

Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huweza kuharibu mwako na kuleta moshi wenye harufu ya jiko la mchina, pamoja na mlio wa kugonga unapopanda mlima. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 na Kenya ikaongeza tozo kwenye mafuta ya taa mwaka 2018, yote kwa ajili ya kupambana na mchezo huo. Moshi ukianza siku ileile uliyojaza mafuta, shuku tangi kabla ya kushuku injini.

Kwa dizeli, moshi mweusi kidogo wakati wa kukanyaga ghafla ni wa kawaida kwa injini za zamani. Ukiendelea gari likiwa katika mwendo wa kawaida, kagua filta ya hewa, mipira ya tabo iliyopasuka, valvu inayorudisha moshi kwenye manifoldi, kisha nozeli. Magari yasiyo na tabo yenye pampu ya kimakanika hutoa moshi zaidi nyanda za juu: katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, kama Mbeya au Nairobi, hewa ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na pwani, huku pampu iliyosetiwa pwani ikiendelea kumwaga dizeli ileile. Usikubali nozeli zibadilishwe kwa gari lililotoka bandarini juzi kabla pampu haijarekebishwa.

Moshi mweupe wa dizeli

Dizeli ina moshi mweupe wa aina yake, nao hauhusiani na maji. Ni dizeli iliyogeuka mvuke bila kuungua, na utaitambua kwa harufu kali inayowasha macho. Ukitoka asubuhi na kutoweka injini ikipata joto, pima kwanza plagi za kupasha. Ukiendelea injini ikiwa na joto, sababu ziko kwenye taimingi ya pampu iliyochelewa, nozeli inayotiririsha badala ya kunyunyiza, au mgandamizo uliopungua. Ili kuijua silinda yenye kasoro katika injini yenye pampu ya zamani, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiunguruma, huku umevaa miwani: bomba ambalo ukililegeza injini haibadiliki ndilo lenye kasoro. Njia hii isijaribiwe kabisa kwenye injini za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la mgandamizo mkubwa, kwani mgandamizo wake hupita bari 1,000 na mafuta yake hupenya ngozi hadi ndani ya nyama.

Kuthibitisha kwa vifaa

Chomoa plagi zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda. Ya kahawia hafifu ni nzima. Nyeusi kavu ni ya mafuta mengi. Nyeusi yenye utelezi ni ya oili. Iliyo safi kupita wenzake, kana kwamba imeoshwa, imeoshwa kweli, na maji ya rejeta.

Kisha pima mgandamizo. Injini iwe na joto, plagi zote ziwe nje, mfumo wa mafuta na wa cheche uzimwe, betri iwe na chaji, na kwa petroli mafuta yakanyagwe hadi mwisho ili hewa iingie. Injini nyingi za petroli husoma kati ya psi 150 na 200, ila kinachohesabika zaidi ni tofauti baina ya silinda, ambayo isizidi asilimia 10 hadi 15. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Silinda moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili katika tundu lake na upime tena: kipimo kikipanda sana, ringi ndizo zinazovuja, kikibaki palepale, tatizo ni valvu.

Liendeshwe au lisimame?

Moshi mweupe mzito unaoambatana na maji kupungua ni wa kusimamisha gari siku hiyohiyo na kulivuta hadi gereji. Moshi mweusi na wa bluu huruhusu kuendelea kwa muda, mradi oili ikaguliwe kila unapojaza mafuta, lakini usiruhusu muda huo uwe mrefu, kwa sababu oili na petroli isiyoungua huenda kuziba masega ya eksozi, yaani kifaa cha kusafisha moshi, na masega yaliyojaa petroli huwaka hadi kuwa mekundu. Usiliegeshe gari la namna hiyo juu ya majani makavu.

Unaponunua gari lililotumika

Mwambie muuzaji mapema kwamba utakuja asubuhi na kwamba injini isiwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya kifuniko cha valvu. Kikiwa na joto, ahirisha ukaguzi hadi kesho yake. Maelezo kwamba gari lilisogezwa kidogo tu hayabadilishi kitu, kwa sababu sekunde kumi ulizozifuata zimekwisha kupita. Uliza ni oili ya namba gani iliyomo, na uombe kuona galoni. Injini iliyotengenezwa kwa ajili ya 5W-30 ikikutwa na 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, au oili inayovutika kama asali hata injini ikiwa na joto, imewekewa kizuizi cha moshi ambacho kitadumu mpaka sevisi ijayo. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa eksozi: masizi makavu yanafutika, utando wa oili unanata. Baada ya kuliendesha kwa nusu saa, liache liungurume dakika tano ukiwa unazungumza bei, kisha mwombe muuzaji akanyage mafuta huku wewe umesimama nyuma upande wa eksozi.